Karatasi za Mume na Mke: Ni Amana ya Nani?

Mtu anapokufa, watu wake huharakia mambo mane: kumzika, kulipa deni zake, kutimiza wasia wake, na kugawanya mali yake. Mambo haya yana milango yake katika vitabu vya fikihi, na kadhi akiulizwa hukosi jawabu kwake. Lakini mna kitu ndani ya nyumba ambacho warithi hukitazama wasijue wakitie fungu gani, nacho ni karatasi. Barua zilizofungwa kwa uzi, daftari za masomo, hesabu za zamani, maneno yaliyoandikwa pembeni mwa vitabu: hizi hazina thamani sokoni hata zigawanywe, wala si takataka hata zitupwe. Basi huachwa sandukuni, na mara nyingi mchwa ndio wanaozitolea hukumu.

Na mas'ala haya huzidi uzito aliyekufa akiwa mwalimu, kwani karatasi za mwalimu si zake peke yake. Ndani yake mna kazi za watoto wa watu, na siri za wazee wao, na ilimu ambayo mwalimu ajaye ataihitaji. Tena huzidi uzito wakiwa walimu hao ni wawili, mume na mke, waliofanya kazi moja chini ya sakafu moja, hata asiweze mtu kusema kwa yakini mstari huu umetoka katika kichwa cha nani. Hapo huuliza mwenye kuuliza: Karatasi hizi ni amana ya nani? Nani ana haki ya kuzifungua, na nani ana haki ya kuzificha? Na jina la nani litiwe juu ya jalada?

Mfano ulio wazi wa mas'ala haya umo katika khabari za walimu wawili wa shamba katika nchi ya Ufaransa, Célestin Freinet na mkewe Élise. Hawakuwa Waislamu, na yamo katika itikadi zao mengi ambayo Mwislamu hayapokei. Lakini mizani ya haki haimwulizi mtu kabila yake wala dini yake kabla ya kumpimia.

Célestin alizaliwa mwaka 1896 katika kijiji cha Gars, milimani kusini-mashariki ya Ufaransa, katika nyumba ya wakulima. Akasomea ualimu katika mji wa Nice, kisha vita vikuu vya 1914 vikamchukua kabla hajafundisha sana. Mwaka 1917 akapigwa risasi ya pafu katika mapigano ya Chemin des Dames, akaugua muda mrefu. Mwaka 1920 akapewa darasa katika skuli ya Bar-sur-Loup, kijiji kidogo katika jimbo hilo hilo. Élise Lagier-Bruno alizaliwa mwaka 1898 huko Pelvoux, katika milima ya Alpes, binti wa walimu, naye akawa mwalimu na mchoraji. Wakaoana mwaka 1926, na mwaka uliofuata Élise akapata tunzo ya Gustave Doré kwa michoro yake.

Kazi iliyowajulisha kwa watu ilianza na kitu kidogo. Mwaka 1924 Célestin alinunua mtambo mdogo wa kupiga chapa kwa mkono, akauweka darasani. Badala ya kuwatia watoto kitabu kilichoandikwa mji wa mbali na mtu asiyepata kuiona Bar-sur-Loup, aliwatoa nje wakatazama mfumaji akifuma na mkulima akilima, kisha wakarudi wakasema waliyoyaona. Maneno yao yakaandikwa ubaoni, yakasahihishwa mbele ya wote, kisha watoto wenyewe wakayapanga kwa herufi za risasi, herufi baada ya herufi, zikiwa zimegeuzwa kinyume, wakatia wino na kukandamiza. Kila aliyekaa karibu na mtambo wa namna hii anajua adabu yake: mtambo hausamehe uvivu. Herufi moja ikikosewa, karatasi zote hutoka na kosa lile lile, na mtoto hulisoma kosa lake mara hamsini. Karatasi hizo zikapelekwa kwa watoto wa skuli nyingine, na katika mwaka 1926 watoto wa Bar-sur-Loup wakawa wanaandikiana na wenzao wa Trégunc, huko Bretagne, upande wa pili wa nchi. Wa milimani wakajua khabari za bahari, na wa pwani wakajua khabari za mizaituni na michungwa.

Hao basi ndio mume na mke wenyewe, na karatasi zao ni hizo za watoto, na barua zao, na vitabu vyao. Sasa na yatazamwe mas'ala moja moja.

Mas'ala ya kwanza ni ya karatasi iliyotolewa mahali pake. Mwaka 1928 mume na mke walihamia Saint-Paul, kijiji kilicho karibu na Vence. Huko mtoto mmoja wa skuli akaandika ndoto aliyoiota: kwamba wanafunzi wamemwasi mkuu wa mji kwa kuwa hawapi vyombo vya kusomea, hata mkuu huyo akauawa. Ndoto ni ndoto, na mtoto ni mtoto. Darasani karatasi ile ilikuwa zoezi la kuandika. Lakini katika Disemba 1932 mabango yakabandikwa usiku katika kuta za kijiji yakimshitaki mwalimu, na maneno ya mtoto yakatumiwa kuwa ushahidi kwamba anafundisha uasi. Magazeti ya Paris yakaingia. Katika Aprili 1933 watu wakakusanyika mbele ya skuli kwa ghadhabu, na mwaka huo huo serikali ikamhamisha mwalimu kwa amri. Baadaye mume na mke wakajijengea skuli yao wenyewe juu ya kilima huko Vence, ikafunguliwa mwaka 1935, na miaka michache baadaye ikapokea watoto waliokimbia vita vya Hispania.

Je, waliobandika mabango walisema uwongo? Maneno yalikuwa yameandikwa kweli. Lakini mwenye kulikata neno akalitenga na lililotangulia na lililofuata, kisha akalipeleka kwa watu wasiojua limesemwa wapi na kwa sababu gani, huyo hakusema uwongo kwa ulimi ila amesema uwongo kwa mkono. Karatasi ina mahali pake kama neno lilivyo na mahali pake. Siri ya baraza haitolewi sokoni, na zoezi la darasani si hotuba ya mwalimu. Basi sharti ya kwanza ya mwenye kushika karatasi za wengine ni hii: asiitoe karatasi peke yake bila ya kuitoa pamoja na mahali pake. Na sharti hii humbana rafiki kama inavyombana adui, kwani kuna wanaokata maneno ili kumtweza mtu, na wako wanaoyakata ili kumtukuza.

Hata hivyo mwalimu naye hakosi kuulizwa. Aliyeifanya karatasi ya mtoto iwe ya kupigwa chapa amekwisha kuitoa chumbani. Mtoto hakujua kwamba mji utasoma. Mwalimu ndiye aliyepaswa kujua. Kumpa mtoto kalamu ni jambo jema, lakini anayempa kalamu amejitwika dhamana ya yale yatakayofanywa kwa maandishi yake.

Mas'ala ya pili ni ya jina. Kazi ile hata leo huitwa kwa neno moja, Freinet, nalo ni jina la mume. Ufaransa mke kwa desturi huitwa kwa jina la mumewe, kwa hivyo jina hilo moja linawafunika wote wawili, na asikiaye humdhani mmoja. Waislamu wa pwani hawana desturi hiyo: mke hubaki binti wa babaake mpaka kaburini, na mali yake ni yake, mumewe hana ndani yake ila alichopewa kwa ridhaa. Basi na iulizwe: ikiwa dinari ya mke haichanganyiki na dinari ya mumewe ila kwa ridhaa, itakuwaje kazi ya akili yake ichanganyike bila ya kuulizwa?

Na kazi ya Élise haikuwa ndogo. Michoro ya watoto katika skuli zile ilikuwa katika mkono wake, na mwaka 1963 alitoa kitabu juu ya mtoto mwenye sanaa. Mambo ya chakula na siha ya watoto wa Vence yalikuwa yakimtazama yeye. Mwaka 1949 akaandika kitabu kirefu juu ya kuzaliwa kwa njia yao ya kufundisha, na mwaka huo huo ikatolewa filamu ya Jean-Paul Le Chanois, iliyosimulia khabari za mwalimu wa shamba na mtambo wake, naye Élise alikuwa na mkono katika kuandika kisa chake. Katika filamu hiyo mwalimu ameitwa Pascal, wala si Freinet. Hivyo safari hii hata jina la mume likafichika. Mume na mke wote wawili wakaonja alichokionja mke peke yake miaka mingi.

Atasema mwenye kusema: Mke mwenyewe aliridhia. Kitabu chake alikiandika juu ya kazi ya mumewe, wala hakudai fungu. Na mwenye haki akiisamehe haki yake, nani mwingine atakayeidai?

Jawabu ni kwamba hapa mna haki mbili, si moja. Ya kwanza ni haki ya Élise kutajwa, na hii ni yake, akitaka ataidai na akitaka ataisamehe, na akiisamehe hapana lawama juu ya mtu. Ya pili ni haki ya yule ajaye baadaye kuijua kweli, na hii si ya Élise hata aisamehe. Mfano wake ni fundi wawili waliojenga nyumba moja, kisha mmoja akasema, mwandikeni mwenzangu peke yake. Ana ruhusa ya kuuacha ujira wake na sifa yake. Lakini akija kijana anayetaka kujenga nyumba kama ile, akaambiwa ilijengwa na mtu mmoja, atatoka peke yake na mwiko wake, atachukua mzigo wa watu wawili, na ukuta utamwangukia. Ngapi walimu wa mashamba, katika nchi hii na nyingine, walioingia kazini kwa kumfuata mtu mmoja mashuhuri, wakajiona dhaifu kwa kuwa hawakuweza kama yeye, na hapana aliyewaambia kwamba yule hakuwa mmoja! Dhuluma ya kuficha jina la mke humwangukia mke kwanza, lakini haiishii kwake. Humfikia kila anayejipima kwa kipimo cha uwongo.

Mas'ala ya tatu ni ya ushahidi. Mengi katika yale watu wanayoyajua juu ya Célestin yamepokewa kutoka kwa mkewe, katika kitabu cha 1949 na katika vitabu alivyotoa baada ya kifo cha mumewe, mwaka 1974 na mwaka 1977. Je, mke apokewe juu ya mumewe? Wanavyuoni walikhitalifiana juu ya ushahidi wa mke kwa mumewe mbele ya kadhi. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa waliukataa, kwa kuwa manufaa ya wawili hao yamechanganyika. Katika madhehebu ya Imam Shafii hukubaliwa, kwa kuwa ndoa ni mkataba unaoweza kufunguka, nao si sawa na damu, kwa hivyo ushahidi wa mzazi kwa mwanawe na wa mwana kwa mzaziwe ndio usiokubaliwa. Lakini madhehebu hayo hayo humkataa shahidi anayejivutia nafuu kwa ushahidi wake mwenyewe.

Tena khabari za tarikh ni riwaya, si shahada, na mlango wa riwaya ni mpana zaidi: mtoto hupokewa anaposimulia kutoka kwa babaake, iwapo ni mkweli mwenye kuhifadhi. Basi njia ya katikati ni kumpokea Élise katika yale aliyoyaona kwa macho yake, na kutafuta wa pili katika yale ambayo yeye na mumewe wana nafuu nayo.

Na mfano upo. Imesimuliwa sana kwamba Célestin, kwa ajili ya pafu lake lililojeruhiwa, hakuweza kusema darasani kwa muda mrefu, na kwamba hiyo ndiyo iliyomsukuma kwenye mtambo. Khabari ni nzuri, na jeraha lilikuwa la kweli. Lakini vita vile viliwarudisha nyumbani walimu wengi wenye majeraha, na si wote walionunua mitambo. Tena inajulikana kwamba mwaka 1922 alisafiri kwenda Ujerumani kuzitazama skuli za Hamburg, na mwaka 1923 alihudhuria mkutano wa waelimishaji huko Montreux, Uswisi, na yote mawili yalitangulia mtambo. Kwa hivyo jeraha lilikuwa sababu pamoja na sababu nyingine. Anayelitaja jeraha akaacha safari na masomo hakusema uwongo, lakini amemfanya mtu kuwa muujiza mahali alipokuwa mwenye bidii. Na bidii ndiyo inayoweza kufuatwa.

Mas'ala ya nne ni ya siri, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Katika Machi 1940 serikali ya Ufaransa ilimkamata Célestin, kwa kuwa alikuwa mtu wa chama cha Kikomunisti, akahamishwa kambi hata kambi mpaka Oktoba 1941. Élise alibaki nje na binti yao na mzigo wa mambo ya skuli. Katika miezi hiyo kumi na tisa hawakuwa na njia ila barua. Katika siku za kizuizini, na baada yake huko Vallouise, ndipo Célestin alipofanya kazi ya kuandika kitabu chake juu ya elimu ya kazi. Barua zile zikahifadhiwa, na mwaka 2004, mume na mke wote wamekwisha kufa, zikachapishwa kuwa kitabu, binti yao akiwa ndiye mwenye kuzitoa.

Je, ni halali kwa watu kusoma barua za mume na mkewe? Siri ya mume na mke ni katika siri zilizotiliwa mkazo mkubwa kuhifadhiwa, na kufa hakuifungui, kwani maiti ana heshima yake kama aliye hai. Anayesema kwamba hapana jambo kwa kuwa wenyewe wamekufa, amesema neno baya: waliokufa ndio wanyonge zaidi, maana hawawezi kujibu. Lakini anayesema zichomwe zote naye amepita mpaka. Barua ya mwalimu aliyefungwa kwenda kwa mwalimu aliye nje haina mapenzi peke yake. Mna humo khabari za watoto, na chakula, na fedha, na vitabu, na fikira zinazozaliwa katika dhiki. Na hayo ndiyo ilimu, na ilimu yenye manufaa ni katika vitu vichache ambavyo thawabu yake hamwishii mtu kwa kufa.

Basi lililo sawa ni kupambanua. Yaliyo baina ya miili na nyoyo mbili hubaki yao, na mwenye kuyaona huyafunika. Yaliyo katika kazi waliyoifanyia watu, watu wana haki nayo. Na kwa yaliyo na shaka, hutazamwa hali ya mwandikaji: barua za makambini zilipita mikononi mwa wakaguzi, na anayeandika akijua kwamba mgeni atasoma, ameshajichagulia mwenyewe la kusema na la kunyamaza. Tena hutazamwa nani anayezitoa. Ushahidi wa binti kwa mzaziwe, kama ilivyotangulia, una udhaifu mbele ya kadhi. Lakini barua hazisemi kwa ulimi wa binti. Zinasema kwa kalamu ya wenyewe, na mle ndani sauti ya mke inasikika mbele ya sauti ya mume, kila mmoja na jina lake chini ya barua yake. Lile ambalo jalada la vitabu liliwanyima, barua limewapa: zinawaonyesha kuwa wawili.

Célestin alikufa Vence katika Oktoba 1966, akazikwa Gars alikozaliwa. Élise akamfuata mwaka 1983, baada ya miaka 16 ya kuichunga kazi yao. Skuli ya Vence ikawa mikononi mwa serikali mwaka 1991, serikali ile ile iliyomhamisha mwalimu kwa amri na kumtia kambini. Waliobandika mabango hawatajwi leo kwa majina yao, na karatasi za watoto bado zinasomwa.

Yatokayo katika haya yote ni kwamba karatasi za walimu wawili ni amana yenye wenyewe watatu. Wa kwanza ni walioziandika, na haki yao ni siri yao isitolewe na jina lao lisifutwe, la mke kama la mume. Wa pili ni watoto na wazee waliotajwa ndani yake, na haki yao ni neno lao lisiondolewe mahali pake. Wa tatu ni wale wajao, na haki yao ni kweli, bila ya kupambwa na bila ya kupunguzwa. Mrithi si mmojawapo wa watatu hao. Mrithi amerithi sanduku. Yaliyomo ndani amewekewa tu.

Na ewe msomaji, usidhani khabari hii ni ya Ufaransa peke yake. Katika mitaa mingi ya pwani pana nyumba ambayo mume alisomesha chuo barazani, na mke akasomesha wasichana ukumbini, miaka thelathini au arubaini. Mume alipokufa ikasemwa khitima, akasifiwa, na vitabu vyake vikagawanywa. Mke alipokufa haikuulizwa hata daftari yake iko wapi. Basi aliye hai na aandike leo, angali na mkono: hii ni kazi yangu, hii ni ya mwenzangu, hii ni ya wawili, hii isomwe, hii ichomwe. Maneno matano hayo katika wasia huwaondolea warithi fitina na huwaondolea wafu dhuluma. Na ambaye hakuandikiwa hivyo, akakuta sanduku limefungwa mikononi mwake, asilifungue kwa pupa wala asilitupe kwa uvivu. Na atazame kwanza ni amana ya nani.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.